Maswali ya Wasomaji: Rudraksha ya Nepal, ya Java na ya India

Tangu tulipogusia tasbihi za dini mbalimbali katika safu hii, tumepokea barua nyingi kuhusu rudraksha, yaani yale makokwa yenye mifereji ambayo Wahindu, hasa wale wanaomwabudu mungu Shiva, huyatunga katika uzi uitwao mala na kuyahesabu wanapotaja jina la Mungu. Karibu zote zinazunguka jambo moja: je, rudraksha ya nchi fulani ni bora kuliko ya nchi nyingine? Tumechagua barua nne, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa aliyeiandika anakaribia kupoteza kitu ambacho hakirudi.

SWALI: Marehemu babu yangu aliniachia mala ya punje 108, kila punje ikiwa kubwa kidogo kuliko mbaazi. Aliihesabu kila alfajiri barazani kwetu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hivi karibuni mfanyabiashara mmoja wa vito aliiona, akaniambia kwamba ni ya Java, kisiwa cha Indonesia, kwamba rudraksha ya kweli ni ya Nepal peke yake, na kwamba yuko tayari kuichukua na kunipa ya Nepal nikimwongezea fedha. Babu alituambia siku zote kuwa aliinunua Haridwar, India. Je, alidanganywa? (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Usiitoe, dada yangu. Babu yako hakudanganywa, na huenda mfanyabiashara huyo amesema kweli kuhusu Java bila hiyo kuipunguzia mala yako chochote.

Rudraksha si jiwe wala si mfupa, bali ni kokwa la tunda. Mti wake wataalamu wa mimea huuita Elaeocarpus ganitrus, na wengine huuweka chini ya jina la Elaeocarpus angustifolius. Huota kuanzia miguuni mwa milima ya Himalaya, ukapita Asia ya Kusini-Mashariki, hadi Australia, ambako ndege mkubwa asiyeruka aitwaye cassowary hulimeza tunda lake zima na kuzisambaza mbegu. Tunda lenyewe ni la buluu kali, na ajabu yake ni kwamba buluu hiyo haitokani na rangi iliyomo katika ganda, bali ni namna tabaka nyembamba sana zilizo chini ya ngozi ya tunda zinavyorudisha mwanga, kama ilivyo kwa mabawa ya baadhi ya vipepeo. Nyama ya tunda ikishaondolewa, hubaki kokwa gumu lenye mifereji inayoshuka kutoka juu hadi chini. Sehemu iliyo kati ya mfereji mmoja na mwingine ndiyo inayoitwa uso, au mukhi kwa lugha za India, na punje za nyuso tano ndizo nyingi kuliko zote, ziwe za Nepal, za India au za Java.

Kwa hiyo tunaulinganisha mti uleule katika udongo tofauti na hali ya hewa tofauti. Katika Java ya Kati, hasa wilaya ya Kebumen, wakulima huupanda mashambani na hata kando ya nyumba zao, na huuita jenitri au ganitri. Angalia tena jina la Kilatini nililolitaja hapo juu, uone kwamba neno hilo la visiwani ndilo lililoingia katika jina la kitaalamu la mti. Ni vigumu kukubali kwamba mahali palipoupa mti jina lake ndipo pawe mahali pa rudraksha ya uongo. Wengi wa wakulima wa Kebumen ni Waislamu, na makokwa yaleyale yanayosafirishwa kwenda India kutungwa mala, kwao hutungwa pia kuwa tasbihi. Tena Java si nchi ngeni kwa Shiva. Hekalu kubwa la katikati katika eneo la Prambanan, lililojengwa katika karne ya 9, ni lake, na linainuka kufikia takriban mita 47. Katika kisiwa jirani cha Bali, makuhani wa Kihindu huvaa mikufu ya genitri mpaka leo.

Kuhusu Haridwar, babu yako alisema kweli. Haridwar ni mji mtakatifu ulioko ukingoni mwa mto Ganga, na mahujaji hununua mala huko kila siku. Lakini huko ni sokoni zaidi kuliko shambani. India ina miti yake, katika maeneo ya kaskazini-mashariki kama Assam na Arunachal Pradesh, katika vilima vya Uttarakhand, na katika sehemu za kusini, ila mavuno yake hayatoshelezi mamilioni ya watu wanaotaka mala, hivyo sehemu kubwa ya zinazouzwa huko hutoka Indonesia na Nepal. Sisi wa pwani tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa dunia nzima huisifu karafuu ya Zanzibar na ilhali sehemu kubwa ya karafuu hiyo huchumwa Pemba. Mtu aliyeinunua Unguja hakusema uongo.

Sasa tofauti zenyewe, maana zipo na zinaonekana. Punje ya Nepal, itokayo zaidi katika vilima vya mashariki kama wilaya za Bhojpur na Sankhuwasabha, kwa kawaida ni kubwa. Ya nyuso tano hufikia milimita 15 hadi 25, mifereji yake ni ya kina, na mgongo wake una miba na mikunjo inayokwaruza kidole. Punje ya Java ni ndogo, mara nyingi kati ya milimita 5 na 12, ngozi yake ni laini zaidi na mifereji yake ni myembamba kama mistari iliyochorwa kwa ncha ya sindano. Za India huangukia katikati, na hutofautiana sana kutoka jimbo moja hadi jingine, kiasi kwamba simwamini mtu anayedai kuitambua punje ya India kwa kuitazama tu. Kusini mwa India, hasa Rameswaram, huuzwa pia punje iliyopinda kama korosho inayoitwa ya uso mmoja. Umbo lake ni tofauti kabisa na la rudraksha ya mviringo, wengine wanasema hata mti wake si huu, na kwa maoni yangu ingefaa iuzwe kwa sifa zake yenyewe badala ya kuazimwa heshima ya ndugu yake adimu, ile ya uso mmoja ya mviringo.

Kwa nini basi ya Nepal ni ghali? Ni kwa sababu mavuno yake ni machache kuliko ya Java, punje ni kubwa, na mifereji yake ya kina humwezesha mnunuzi kuzihesabu nyuso kwa jicho. Jambo hilo ni muhimu kwa mtu anayetafuta punje moja ya nyuso 7 au 11 ili aivae shingoni, kwa kuwa katika mapokeo ya Kihindu kila idadi ya nyuso ina mungu wake. Kwa shughuli hiyo nakubali kwamba ya Nepal inafaa zaidi. Kwa kuhesabu, mambo yanageuka. Chukua punje 108 za milimita 20 uzitunge: utapata uzi wa zaidi ya mita 2, ambao mtu ataukanyaga akiwa ameketi. Punje 108 za milimita 7 zinatoa uzi wa sentimita 76 hivi, unaoingia shingoni, unaokaa kiganjani, na unaotosha ndani ya gomukhi, ule mfuko wa kitambaa ambao mkono huingizwa humo ili mala isionekane wakati wa kuhesabu. Ndiyo maana wanaotumia za Nepal kwa kuhesabu mara nyingi hutunga 54 au 27 na kuuzunguka uzi mara mbili au mara nne. Mimi ninazo zote mbili. Ile ya Nepal ya punje 54 naivaa siku ya Maha Shivaratri, sikukuu kuu ya Shiva. Ile ya Java ndiyo ninayoamka nayo.

Babu yako, aliyeketi barazani kila alfajiri, alichagua chombo kilichomfaa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Tena kuna jambo moja ambalo mfanyabiashara yule hakulitaja. Punje zilizopita mikononi kwa miaka arobaini hunywa mafuta ya ngozi, zikawa nyeusi-nyekundu na kung'aa, na wakusanyaji huzitafuta kwa bidii. Sijui moyo wa mtu yule, lakini ofa ya kubadilishana haikuwa hasara kwake.

SWALI: Mwalimu wangu wa dini anasema Shiva Purana yenyewe, kitabu kitakatifu cha Kihindu kinachomhusu Shiva, inaagiza rudraksha kubwa, na kwamba hiyo ni dalili kwamba ya Nepal ndiyo iliyokusudiwa. Je, ni kweli? (Kijana, Dar es Salaam)

JIBU: Mwalimu wako amenukuu sawasawa, lakini amesimama mapema. Katika sehemu ya Shiva Purana iitwayo Vidyeshvara Samhita, kumeandikwa kwamba rudraksha yenye ukubwa wa tunda la amla, lililo kubwa kuliko kunazi, ndiyo bora, yenye ukubwa wa kunazi ni ya kati, na yenye ukubwa wa dengu ni ya chini. Lakini endelea kusoma papo hapo. Maandiko yanaendelea kusema kwamba hata iliyo na ukubwa wa kunazi huleta furaha na baraka, kisha yanaongeza kwamba kadiri rudraksha inavyokuwa nyepesi ndivyo matunda yake yanavyozidi. Muuzaji wa Nepal huchukua mstari wa kwanza, muuzaji wa Java huchukua mstari wa mwisho, na wote wawili huondoka na kitabu mkononi.

Kuhusu nchi, nakuomba uisome orodha iliyomo humo. Yanatajwa Gauda, Mathura, Ayodhya, Lanka, milima ya Malaya na Sahya, Kashi, na mahali pengine. Kwa majina yanayotumika leo, Gauda ni upande wa Bengali, Malaya na Sahya ni milima ya India yenyewe, na Kashi ni Varanasi. Nepal haikutajwa kwa jina, wala Java haikutajwa. Sisemi hili ili kuidharau Nepal, ambako hekalu la Pashupatinath huko Kathmandu limezungukwa na wauza rudraksha na ambako ibada ya Shiva ina mizizi mirefu. Nasema tu kwamba anayetaka kuifunga rudraksha katika nchi moja atafute hoja mahali pengine, kwa kuwa andiko hili halimsaidii.

Jambo ambalo maandiko yanalikazia ni hali ya punje. Isiwe imeliwa na wadudu, isiwe imevunjika au kupasuka, iwe ya mviringo na yenye miba yake, na iliyo na tundu la asili inasifiwa kuliko iliyotobolewa na mtu. Hizo ni sifa ambazo unaweza kuzichunguza kwa mikono yako bila kuuliza meli ilitoka bandari gani. Na simulizi la asili yake liko papo hapo: Shiva alikaa katika tafakuri kwa muda mrefu mno, alipofumbua macho yake nusu matone ya machozi yakaanguka, na mahali yalipoanguka ikaota miti. Neno rudraksha hutokana na Rudra, jina la kale la Shiva, na aksha, yaani jicho.

SWALI: Nilinunua punje moja niliyoambiwa ni ya Nepal, nikaitumbukiza katika bilauri ya maji kama nilivyofundishwa mtandaoni. Ikaelea. Je, nimeibiwa? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Kuelea peke yake hakuthibitishi kwamba umeibiwa, kama vile kuzama kusingethibitisha kwamba umepata halali. Ndani ya kokwa mna vyumba vya mbegu. Punje iliyokomaa vizuri na yenye ukuta mnene huzama. Ileile ikikauka miaka kadhaa, vyumba vikajaa hewa, huenda ikaelea. Walaghai wanaijua hesabu hii vizuri, na wapo wanaotia risasi ndani ya punje ya bandia ili izame mbele ya macho ya mnunuzi. Kipimo kingine, kile cha kuweka punje kati ya sarafu mbili za shaba na kuangalia kama itazunguka, kinapima tu kama punje haina umbo sawa pande zote, maana kitu chochote chenye miba kikibanwa kati ya vyuma viwili laini kitageuka.

Nalisema hili nikiwa nimechomwa. Miaka ya nyuma nilinunua punje ya uso mmoja, ya mviringo, kutoka kwa muuzaji niliyemwamini kwa sababu tulikutana hekaluni. Ilizama, ikazunguka kati ya sarafu, ikapita kila mtihani wa mezani. Baadaye fundi wa vito aliitazama kwa darubini, akanionyesha kwamba mifereji minne ilikuwa imejazwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi na kuchongwa upya. Ilikuwa ya nyuso tano ya kawaida, ambayo ningeweza kuinunua kwa bei ya kikombe cha chai. Nililia kwa uchungu, si kwa ajili ya fedha, bali kwa sababu nilikuwa nimeiombea.

Vipimo vinavyoaminika ni viwili. Cha kwanza ni kuufuata mfereji kwa kioo cha kukuzia, tangu tundu la juu hadi la chini. Mfereji wa asili haukatiki, haufanani upana mwanzo hadi mwisho, na miba ya pande zake huinama kuuelekea. Uliochongwa huwa na kingo kali na sakafu iliyonyooka. Cha pili ni picha ya eksirei, ambayo baadhi ya maabara za vito huitoa. Kwa kawaida idadi ya vyumba vya ndani hulingana na idadi ya nyuso, kwa hiyo punje inayoonyesha nyuso 14 nje na vyumba 5 ndani imejieleza yenyewe. Kama punje ni mbili zilizoshikamana, zile wanazoziita Gauri Shankar, ichemshe katika maji: gundi nyingi huachia, lakini muungano wa asili hubaki.

Hapa tofauti ya nchi inakuwa na maana ya kweli. Punje ndogo ya Java ya nyuso tano ni nadra kughushiwa, kwa sababu haina bei ya kumvutia mlaghai. Ulaghai umejaa katika punje kubwa zinazoitwa za Nepal zenye nyuso nyingi, na zaidi ya zote katika ile ya uso mmoja ya mviringo, ambayo ni adimu mno. Mtu akikuletea ya aina hiyo katika bahasha ya plastiki, na bei anayotaja ukaweza kuilipa papo hapo, rudisha fedha yako mfukoni. Yako wewe, kama ni ya nyuso tano na mifereji yake haikukatika, ivae kwa amani.

SWALI: Mimi ni fundi wa kutunga shanga, Tanga, na si Mhindu. Jirani yangu mzee ameniletea mala ya rudraksha iliyokatika uzi, yenye ukungu kidogo kwa ajili ya unyevu wa huku kwetu. Sitaki kuikosea heshima. Niitengeneze vipi?

JIBU: Fundi, umeuliza kabla ya kuishika, na hiyo tayari ni heshima. Hesabu punje kwanza mbele yake mzee mwenyewe, ili kusiwe na mashaka baadaye. Kwa kawaida zitakuwa 108, pamoja na moja ya ziada iitwayo Meru, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi au ina kishada. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, ukisugua mifereji kwa mswaki laini, kisha zianike kivulini siku mbili tatu mpaka zikauke kabisa hadi ndani, kwa kuwa ukungu hurudi kutokea ndani. Punje za Nepal, kwa mifereji yake ya kina, huhifadhi unyevu muda mrefu kuliko za Java, kwa hiyo ziongezee siku. Zikishakauka, zipake mafuta ya ufuta kidogo sana kwa kitambaa, uyafute yaliyozidi kesho yake. Mafuta yasipopakwa, hewa ya chumvi na jua la pwani huzikausha zikapasuka.

Tumia uzi wa pamba au wa hariri, usitumie waya wala mpira, na ufunge fundo dogo kati ya punje na punje ili zisisuguane. Usiikaze sana. Anayehesabu huvuta kila punje kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati, bila kutumia kidole cha shahada, na uzi uliokazwa humchosha mkono kabla hajafika nusu. Anapofika kwenye Meru haivuki, bali huigeuza mala na kuanza kurudi alikotoka. Kwa hiyo Meru iwe ya mwisho kuingia uzini, ncha zote mbili za uzi zipite ndani yake, na fundo lifungwe juu yake. Na kama jirani yako ataomba kuufunga mwenyewe uzi huo wa mwisho, mwachie.